Vidole vitatu vya Katniss

Unaweza kukesha ukibishana na mabeshte kama Katniss angemchagua Gale badala ya Peeta. Sawa tu. Lakini kule Thailand, jeshi lilipopindua serikali Mei 2014, vijana walichota kitu kingine kwenye The Hunger Games: saluti ya vidole vitatu. Watu walikamatwa kwa hiyo saluti, si mchezo! Novemba, wanafunzi watano walimwinulia Prayuth Chan-ocha, kiongozi wa mapinduzi, akihutubia. Wakabebwa. Naona wanajeshi waliielewa hadithi kuliko sisi mashabiki wa Peeta.

Februari 2021 ikawa zamu ya Myanmar. Balozi Kyaw Moe Tun aliinua vidole hivyo Umoja wa Mataifa. Kesho yake jeshi likatangaza limemfuta kazi, lakini kiti hakukiachia.