Ndoo Zilizonasana Usiku wa Maji



Juma hili mada yangu ni ndoo. Asije mtu akasema kwamba sheikh amekwisha maneno. Nyumba haitikiswi na mambo makubwa peke yake. Aghalabu hutikiswa na kitu kidogo kilichopuuzwa, kikaleta udhia wake saa ambayo watu wamechoka.

Mwezi uliopita nilipanda Nairobi kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyeolewa akakaa mtaa wa Umoja, upande wa Eastlands. Sisi wa Pwani twaijua shida ya maji, wala si wageni wa kuamkia mfereji mkavu. Huko nako maji huja kwa zamu. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi yatoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, na mwaka 2017 mvua zilipopungua, mji uliingia katika mgao wa ratiba. Basi ndoo katika nyumba ile si chombo tu. Ndiyo kisima cha aila. Siku za maji hujazwa zote, na siku za ukame hupandanishwa moja ndani ya nyingine, kwani jikoni hapana nafasi ya kuziweka mbalimbali.

Usiku wa zamu yao, mwendo wa saa tisa, mfereji ulianza kukohoa. Mpwa wangu akaondoka mbio. Ndoo tatu za lita 20 zilikuwa zimeshikamana, hazitoki. Akamwamsha mumewe. Mume akashika ya juu, mke akashika ya chini, wakavutana kama watu wa mashua na nanga. Utambo ukang'oka upande mmoja. Mume akasema kwa ukali, "Ni nani aliyezishindilia hivi?" Mke akajibu polepole, "Ni mimi, baba watoto. Ningeziweka wapi?" Kisha kukawa na kimya ambacho mgeni hapendi kukisikia.

Hapo nami nikajitia. Nilikuwa nimepata kusikia kwamba maji ya moto hutenganisha vyombo vilivyonasana. Nikaagiza birika lichemshwe, nikamimina maji ya moto ndani ya ndoo ya juu. Tukavuta tena. Zikakaza zaidi ya mwanzo.

Kelele zetu zilimtoa bi mkubwa wa mlango wa pili, mzaliwa wa Majengo ya Pumwani, aliyeuza uji miaka mingi kwa ndoo na mabirika. Nilimwamkia, akaitika, akatazama, akacheka kidogo. Akaniambia, "Sheikh, umemshibisha aliye ndani, kisha wamtaka apite mlango mwembamba? Anayetoka mpe baridi anywee. Anayezuia mpe moto atanuke."

Tukamwaga maji ya moto, tukajaza ndoo ya ndani maji ya baridi, na ile ya nje tukaitia katika karai la maji moto ya kadiri. Baada ya dakika chache akaishika, akaizungusha kama mtu afunguaye kifuniko cha mtungi, ikatoka. Lakini maji hayakutungoja. Tulijaza ndoo mbili na nusu, mfereji ukanyamaza.

Asubuhi yake nilikaa kuwaza, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na mtu akikosa ni wajibu wake kujua alikosea wapi. Ndoo za plastiki hunasana kwa sababu tatu. Ya kwanza ni umbo lake: juu pana, chini nyembamba. Ukitia moja ndani ya nyenzake na kuikandamiza, hukaza kama kabari katika gogo. Ya pili ni unyevu. Maji kidogo yaliyobaki kati ya kuta mbili huziba upenyo ambao hewa ingepitia. Ya tatu ni hewa yenyewe. Unapovuta, nafasi iliyo kati ya vitako viwili huongezeka, hewa iliyonaswa humo hupungua nguvu, na hewa ya nje hulemea.

Ulemeo huo si mdogo. Katika karne ya 17, Otto von Guericke wa mji wa Magdeburg, Ujerumani, aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akaiondoa hewa ya ndani, na farasi waliovuta huku na huku wakashindwa kuzitenganisha. Ndoo zetu hazifiki hapo, lakini tazama hesabu hii. Kitako chenye upana wa sentimita 24 kina eneo la sentimita za mraba 450 hivi. Nguvu ya hewa ya kati ikipungua sehemu moja tu katika kumi, basi kule Nairobi, palipo juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, utakuwa washindana na mzigo wa kilo 38 hivi. Huku kwetu Mombasa, penye hewa nzito zaidi, utapita kilo 45. Basi mume wa mpwa wangu hakushindana na mkewe. Alishindana na hewa.

Na maji ya moto je? Plastiki hutanuka kwa joto takriban mara kumi kuliko chuma. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30, ikizidi nyenzake joto kwa nyuzi 30, hutanuka karibu milimita 1. Ni kidogo, lakini kwa kitu kilichokazwa kama kabari chatosha. Ndiyo maana moto ukiuweka mahali pa baridi, wakaza badala ya kulegeza, kama nilivyofanya mimi.

Kwa hivyo, ndoo zikinasana, fuateni utaratibu huu. Kwanza, msivute, zungusheni. Zikikataa, zilazeni sakafuni, mkandamize ubavu kwa viganja huku mkiziviringisha, ili duara lipinde kidogo na hewa ipate njia. Pili, pitisheni mpini bapa wa kijiko penye ukingo, kisha mtone maji ya sabuni yateremke kati yake. Kisu msitumie, kwani huteleza kikamjeruhi mtu, na hutoboa ndoo. Tatu, yakishindikana hayo, tieni maji baridi ndani na maji moto nje. Yasiwe ya kuchemka, kwani plastiki hulegea na kupinda, na watoto walio karibu huweza kuungua. Kuvuta kwa utambo kuwe mwiko.

Kuzuia ni kwepesi zaidi. Zikausheni ndoo kabla ya kuzipandanisha. Chukueni kipande cha kamba ya katani au utepe wa kitambaa cha zamani, mkining'inize ndani ya kila ndoo, kuanzia kitako hadi nje ya ukingo, ndipo mtie nyingine juu yake. Kamba hiyo huacha mwanya wa hewa, na huzuia kuta zisibanane. Msiweke mzigo juu ya ndoo zilizopandanishwa, wala mtoto asizikalie. Na jioni ya kuamkia zamu ya maji, zitenganisheni kabisa, muda ungalipo na hasira haijaamka.

Dini yetu yatufunza kutofanya israfu ya maji hata penye mto, basi vipi penye mfereji ujao kwa zamu? Ndoo iliyovunjwa kwa hasira nayo ni israfu, na neno lililotamkwa usiku huo halirudi kinywani.

Kabla sijaondoka, mume wa mpwa wangu alirudi kazini na shazia la katani na utambo mpya. Aliketi mlangoni akakata vipande vitatu, akavifunga mafundo, akamkabidhi mkewe bila ya maneno mengi. Mkewe akatabasamu, akamwambia, "Sasa mwambie mjomba birika alitumie kwa chai." Nilistahili.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.