Kupanua barabara: Somo la njia ya Bukavu–Goma

Kila mara mashine za kupanua barabara zinapofika katika mji au kijiji cha DRC, mabishano ni yale yale. Viongozi wanasema barabara ni maendeleo. Wakaaji wanauliza nani atalipa nyumba, mashamba na vibanda vitakavyobomolewa.

Sheria imekwisha kujibu. Kifungu cha 34 cha Katiba kinadai fidia ya haki itolewe kabla mtu hajaondolewa kwenye mali yake kwa faida ya umma. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inataka athari kwa mazingira na kwa jamii zichunguzwe kabla ya kazi kuanza. Shida iko katika kuitekeleza.

Barabara ya taifa namba 2, kati ya Bukavu na Goma, ni mfano. Mwaka 2016 Benki ya Dunia iliongeza dola milioni 125 kwa mradi wa Pro-Routes, na njia hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za kukarabatiwa. Mwezi wa Agosti 2017, malalamiko ya wakaaji yalifika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki hiyo: wanawake kutendewa ukatili wa kingono, jeuri ya askari waliolinda kazi, mali kuharibiwa, machimbo ya mawe kuchukuliwa. Mwezi wa Novemba Benki ilisimamisha malipo ya kazi za ujenzi. Mwaka 2018, Jopo liliona kwamba Benki haikufuata masharti yake yenyewe.

Uchunguzi wa mazingira, basi, si hesabu ya miti na mito peke yake. Unapaswa kuuliza wafanyakazi watalala wapi, nani atalinda kazi, mawe yatatoka wapi, na mwanamke aliyedhulumiwa atamwambia nani bila kuogopa.

Wapo wanaodai kwamba uchunguzi huo unachelewesha kazi. Bukavu–Goma inaonyesha kinyume: kilichosimamisha mashine ni maswali ambayo hayakujibiwa mapema, na mkulima aliyengoja njia ya kupeleka mihogo sokoni aliendelea kungoja.

Tena, wakaaji hao walikuwa na mlango wa kubisha huko Washington. Barabara inapojengwa kwa pesa za serikali peke yake, mlango huo haupo. Yanabaki Shirika la Mazingira la Congo (ACE) na mahakama, na ripoti ambayo raia anapaswa kusomewa kwa lugha anayoielewa kabla ukuta wake haujapigwa alama nyekundu.