Bila Majina Yetu, Makala Isitoke

Ndugu vijana wa Uvira, tuanze na hesabu ndogo.

Gari ya mradi inafika. Inachukua vijana kumi na wawili wenye diploma, wote hawana kazi. Wanapewa tableti, kofia na siku mbili za mafunzo. Halafu wanatembea nyumba kwa nyumba, Kavimvira mpaka Kalundu, jua kali, matope, na kila mahali lazima kwanza kuelewana na mkubwa wa avenyu. Maswali yameandikwa Kifaransa. Wao ndio wanayageuza papo hapo kuwa Kiswahili, Kifuliiru, Kivira, Kibembe. Wanalipwa kwa kila fomu. Wiki tatu zinaisha, gari inaondoka. Baada ya mwaka na nusu makala inatoka kwenye jarida la ng'ambo. Majina ya waandishi: manane. Majina ya wale kumi na wawili: sifuri.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mradi sitautaja, maana ugonjwa huu si wa mradi mmoja.

Makala niliikuta kwenye simu, usiku, forfeti inakaribia kuisha. Muhtasari ulikuwa wa bure, pamoja na orodha ya maswali. Nikaliona lile swali ambalo sisi anketeri ndio tulisema libadilishwe, kwa sababu mama za Kimanga walikuwa wanalielewa kinyume. Limebadilishwa vilevile tulivyosema. Nikataka kusoma zaidi: lipa dola zaidi ya 30. Ndiyo, nilipe kusoma kazi niliyoifanya kwa miguu yangu! Rafiki mmoja akanitumia makala yote, na mwisho kabisa nikakuta sentensi moja ya kushukuru "timu ya mahali". Timu ya mahali inaandikwaje kwenye CV?

Najua jibu la wengi: "Ulilipwa, unataka nini tena? Fundi wa ukuta haandikwi jina juu ya mlango." Sawa. Sisemi kila aliyebeba tableti ni mwandishi. Lakini hapana kudanganyana. Sheria ziko, na ni wao wenyewe wamezitunga.

Kuna kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, inaitwa ICMJE. Majarida mengi sana duniani yanafuata kanuni zake. Inasema mwandishi ni mtu anayetimiza masharti manne. La kwanza, awe amechangia kwa uzito katika wazo au mpango wa utafiti, au katika kupata data, kuichambua au kuifasiri. La pili, ashiriki kuandika au kusahihisha kwa akili yake. La tatu, akubali makala ya mwisho. La nne, awe tayari kuwajibika kwa kazi hiyo.

Wakubwa wa miradi wanatusomea la pili na la tatu: "Wewe hukuandika." Lakini hawasomi mbele kidogo. Kanuni hiyo hiyo inasema masharti haya yasitumiwe kumfungia mtu nje kwa kumnyima nafasi ya kutimiza la pili na la tatu. Yaani aliyetimiza la kwanza lazima aitwe mezani. Sasa niambieni: kijana aliyerekebisha maswali, aliyegundua kosa kwenye data, aliyewaeleza kwa nini watu wa Mulongwe wanajibu vile wanavyojibu, nani alimtumia rasimu asome? Hakuna aliyemtumia. Halafu wanasema hakuandika. Ni kama kumfungia mtu mlango, kisha kumlaumu kwamba hakuja kula.

Hii si mambo ya jana. Mwaka 1946 na 1947 misheni ya Wabelgiji ilipima ziwa hili letu, vitabu vikachapishwa Brussels. Mwaka 1976 kule Yambuku, daktari wetu Jean-Jacques Muyembe alichukua damu ya wagonjwa bila hata glavu, sampuli zikaenda Antwerp, na kwa miaka mingi dunia ilisimuliwa ugunduzi wa Ebola jina lake likiwa pembeni. Mwaka 2019, akiongoza mapambano ya Ebola hapa mashariki, alitangaza kwamba sampuli zitabaki Kongo. Ilimchukua zaidi ya miaka 40 kufika mahali ambapo neno lake linasikika. Sisi hatuna miaka 40 ya kungoja.

Mwaka 2003 jarida la Nature lilitoa makala juu ya Tanganyika: joto limepunguza uzalishaji wa chakula ndani ya ziwa kwa karibu 20%, na hiyo inaweza kumaanisha samaki kupungua kwa karibu 30%. Waandishi watano, na hakuna hata mmoja wa taasisi ya pwani hii. Sisemi waliiba. Nauliza tu: mvuvi wa ndagala pale Kalundu alielezwa na nani? Na hapa Uvira kwenyewe tuko na Kituo cha Utafiti wa Hydrobiolojia, chenye watu wanaolijua ziwa hili vizuri sana.

Na msiniambie haiwezekani. Mwaka 2015 PLOS Medicine ilitoa utafiti juu ya maji ya robine na kipindupindu hapa hapa Uvira. Majina ya Wakongomani yako kati ya waandishi, na makala ni bure kwa kila mtu. Inaonyesha kwamba siku maji yanapokatika, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka sana katika siku 12 zinazofuata. Mwaka 2024, The Lancet Infectious Diseases ikatoa utafiti wa chanjo ya kipindupindu ya Uvira, na jina la kwanza ni la Espoir Bwenge Malembaka, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Bukavu. Basi inawezekana!

Lakini hata hapo tuna neno. Utafiti wa maji uko kwa Kiingereza. Mama anayebeba bidoni toka mtoni hajui kwamba kuna karatasi ya sayansi inayosema yeye ana haki ya kukasirika. Kama ingekuwa na kurasa mbili za Kiswahili, tungeibandika kwenye kila kona ya mji huu na kuipeleka mbele ya kila mkubwa anayehusika na maji. Utafiti usiorudi nyumbani unamsaidia aliyeuandika, si aliyeugua.

Majarida yanajua haya yote. PLOS ilianza mwaka 2021 kuwauliza waandishi wanaofanya utafiti nchi za wengine: mlishirikiana na nani wa pale? Nature mwaka 2022 ikaandika dhidi ya watafiti wanaotua na kuondoka kama helikopta. Mwaka huo huo mkutano wa Cape Town ukazaa tamko lenye mapendekezo 20 juu ya usawa katika utafiti. Na watafiti wa Bukavu walikuwa wameshasema, kwenye kitabu cha Bukavu Series cha 2020, jinsi wasaidizi wa utafiti wanavyobeba hatari na kusahaulika. Maneno yametosha. Shida ni kwamba mengi ni kuhimiza tu, na tajiri ukimhimiza bila kumlazimisha, anatabasamu na kuendelea.

Tujisafishe na sisi pia. Wako walimu hapa nchini wanaochukua TFC ya mwanafunzi, wanabadilisha jalada na kuweka jina lao. Wako wanaolipa majarida ya uongo, yale yanayokubali makala kwa siku tatu bila mtu kuisoma, ili wapande grade. Hatuwezi kumpigia kelele mzungu halafu tumwamkie kwa heshima mwizi wa nyumbani.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila jarida linalopokea data ya Uvira liulize kabla ya kuchapisha: nani aliikusanya, na je, alipewa nafasi ya kuwa mwandishi? Bila jibu, makala isitoke.

2. Asiyefikia masharti ya mwandishi atajwe kwa jina lake kamili, kama anakubali, pamoja na kazi aliyofanya. "Timu ya mahali" si jina la mtu.

3. Kila makala iwe na muhtasari wa Kiswahili, bure, na urudishwe kwenye mtaa ulipotoka.

4. Vyuo vyetu viwe na mahali pa kushtaki wizi wa kazi ya mwanafunzi bila mwanafunzi kuangushwa mitihani.

Na wewe kijana, najua njaa. Gari ikija kesho, mimi pia nitapanda. Lakini kabla ya kusaini, uliza mambo matatu, na udai majibu kwa maandishi: Nani ataandika? Nitasoma rasimu? Matokeo yatarudi lini? Akiuliza mmoja, atafukuzwa. Tukiuliza wote kumi na wawili, gari haitaondoka bila kujibu.