Kipimo cha Umeme si Pambo la Ukutani

Msafiri atokaye Lilongwe kwa barabara kuu iendayo Dedza hufika Nathenje kabla hajachoka. Katika vituo vidogo vya biashara kama hicho, kinu cha kusaga mahindi ndicho kiwanda. Mwenye kinu huusikiliza mngurumo wa mota yake. Ukibadilika, hujua kuna kasoro. Kwa kuwa mota ni moja na mita ni moja, hesabu haimpotei.

Upande wa pili wa mji, huko Kanengo, mambo ni mengine. Kiwanda cha kusindika tumbaku kina mota nyingi, feni na kompresa, na huenda zote zikawa nyuma ya mita moja tu. Hati ya malipo ya mwisho wa mwezi hueleza ni kiasi gani cha umeme kilichotumika, lakini haielezi ni mtambo gani uliokitumia. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ndiyo maana sisi tunaunga mkono kazi ya kufunga vipimo vya umeme ndani ya viwanda vya zamani, mtambo kwa mtambo. Haja yake haina mjadala. Januari 2022, dhoruba Ana ilipobomoa sehemu ya kituo cha Kapichira katika mto Shire, gridi ya Malawi ilipoteza karibu megawati 130 kwa zaidi ya mwaka mzima. Nchi inapopungukiwa namna hiyo, umeme unaopotea bure kiwandani ni umeme ulionyang'anywa hospitali na pampu ya maji.

Hata hivyo, twasema bila kuficha: kununua vipimo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba viwanda vya zamani havikujengwa kwa ajili ya vipimo hivyo. Makabati ya swichi yamejaa, na michoro ya nyaya imepotea au haifanani tena na nyaya zilizomo. Fundi anayeingia humo bila mchoro ni sawa na askari aingiaye porini bila ramani.

Cha pili ni hatari. Kipimo cha mtambo mkubwa hupata habari zake kwa pete inayozunguka kebo. Nyaya mbili za pete za aina ya kawaida zikiachwa wazi wakati mkondo unapita katika kebo, huzuka umeme wa nguvu kubwa uwezao kuua. Kwa hiyo mtambo hauna budi kuzimwa. Lakini ni meneja gani atakubali kuzima mitambo katikati ya msimu wa tumbaku? Basi kazi huahirishwa hadi msimu uishe. Hapo tena mitambo imelala, na hakuna mzigo wa kuhakikishia kwamba kipimo kinasema kweli.

Nacho cha tatu ndicho kibaya zaidi, yaani kipimo kisemacho uongo kwa sauti ya ukweli. Pete ya 400 kwa 5 ikifungwa, na kipimo kikaelekezwa kuihesabu kama ya 200 kwa 5, nusu ya umeme haitaonekana. Pete ikigeuzwa nyuma mbele, hesabu huvurugika vilevile. Tulipokuwa makadeti, tulifundishwa kwamba taarifa ya upelelezi isiyo sahihi ni mbaya kuliko kukosa taarifa, kwa maana aliyekosa taarifa hutahadhari, lakini aliyedanganywa hutembea kifua mbele hadi mtegoni.

Kikwazo cha mwisho ni sisi wanadamu. Mfanyakazi akiona chombo kipya juu ya mashine yake bila kuelezwa, hukidhani kuwa mpelelezi aliyetumwa kumfukuzisha kazi. Wakubwa nao, baada ya sherehe ya uzinduzi, hawakitazami tena. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni zilizoagiza kwamba kiwanda kitumiacho zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe kila baada ya miaka mitatu. Ni hatua njema. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Mlinzi wa kila siku ni yule aliye ndani.

Jambo hili lawahusu pia askari na polisi. Makambi yetu yana pampu, karakana na majiko, na ankara zake hulipwa kwa fedha za wananchi. Siku tutakapoletewa vipimo, tusiwe watu wa kupokea na kupiga saluti tu. Tudai kwanza mchoro sahihi wa nyaya. Tudai kila kipimo kijaribiwe mbele ya macho yetu huku mitambo ikifanya kazi. Kisha ateuliwe mtu kwa jina, mwenye daftari la zamu, asomaye tarakimu kila siku, na mwenye mamlaka ya kuagiza pampu inayovuja izimwe.

Lindo halilindwi na bunduki iliyotundikwa ukutani, bali na askari aliye macho. Vivyo hivyo, umeme wa taifa hautaokolewa na kipimo kisichosomwa na mtu.