MAFUNZO YA HIARI, LAKINI KWA SAA ZA NANI?



Siku hizi limezuka jambo jipya katika viwanda vyetu vya rangi, gundi, sabuni na dawa za kuulia wadudu. Mfanya kazi huambiwa: "Kuna mafunzo ya ulinzi wa kemikali. Yako katika intaneti, hayana ada, wala si lazima. Yasome kwa simu yako ukifika nyumbani." Wako walioyapokea kwa furaha, na wako waliocheka. Maoni yangu ni kwamba mafunzo yenyewe ni mema na yatupasa kuyashika, lakini namna yanavyoletwa si ya haki, na chama kisinyamaze.

Kwanza tuulize: ulinzi wa kemikali watuhusu nini sisi wakazi wa Kibera na Kawangware? Wengi hudhani ni kazi ya askari wa langoni, kulinda mali ya tajiri. Sivyo hata kidogo. Mwezi wa Novemba 2000, huko Mukuru hapa Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, na wengine wakapofuka. Mwezi wa Mei 2014 zaidi ya 80 walikufa vivyo hivyo katika Embu, Kitui na sehemu nyingine. Pombe hizo zilikuwa na methanoli.

Methanoli ni kemikali ya viwandani, ya kuyeyushia rangi na gundi. Haina rangi, na harufu yake yakaribiana na ya pombe ya kawaida, hata mnywaji hawezi kuitambua. Ndani ya mwili hugeuka kuwa asidi ambayo huharibu mishipa ya macho. Kiasi cha vijiko viwili vya chai chaweza kumpofusha mtu. Basi pipa likitoka ghalani bila hati, tusidhani kwamba aliyeibiwa ni tajiri peke yake. Laweza kurudi jioni katika kikombe cha jirani yako.

Hali ni hiyo hiyo kwa madumu matupu. Katika mitaa yetu maji hununuliwa kwa dumu, na dumu ni mali. Dumu lililokuwa na dawa ya wadudu halitakasiki kwa kusuuzwa mara mbili, na mtoto anayekunywa maji yake hajui lilikotoka. Mfanya kazi aliyefundishwa kusoma alama za hatari, kuhesabu mapipa, na kutoa habari mapema kitu kinapopungua, analinda mtaa wake mwenyewe. Kwa hiyo nasema mafunzo haya tuyataka.

Sasa tulitazame neno "hiari". Huko Marekani, tangu mwaka 2007, viwanda vyenye kemikali za hatari viliwekewa kanuni za ulinzi na vikakaguliwa na serikali. Mwezi wa Julai 2023 Bunge lao likaiacha sheria hiyo iishe muda wake. Ukaguzi ukasimama, yakabaki mashauri na mafunzo ya hiari. Hapo pana somo. Anayekuja kwa hiari ni yule aliye mwangalifu tangu zamani. Mzembe hakuji, na mwizi hakuji kabisa. Hiari ni nzuri juu ya sheria, lakini haiwezi kukaa mahali pa sheria.

Nasi Kenya sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwenye kiwanda kuwapa wafanya kazi habari, maelezo, mafunzo na usimamizi ili wawe salama. Haikusema kwamba mafunzo hayo mfanya kazi ayatafute usiku kwa bando alilonunua kwa fedha zake. Mtu aliyesimama kutwa penye mashine, kisha akatembea kutoka Industrial Area mpaka Kibera, au mpaka Kawangware ambako ni mbali zaidi, ana hiari gani iliyobaki? Akipata shilingi hamsini atanunua unga kwanza, na hakuna wa kumlaumu.

Kuna hatari nyingine iliyojificha. Mwisho wa somo hutakiwa jina lako, kama ushahidi kwamba umefundishwa. Ukibonyeza bila kuelewa, kwa sababu maneno ni ya Kiingereza kigumu, siku ya ajali utaambiwa: "Huyu alifundishwa, amevunja kanuni kwa kiburi." Mafunzo yaliyokusudiwa kumkinga mfanya kazi yatakuwa ngao ya tajiri.

Tena, vibarua wameachwa nje. Kibarua anayeitwa asubuhi langoni ndiye mara nyingi hubeba mapipa na kufagia ghala, naye hayumo katika orodha ya mafunzo. Mlango wa nyumba haufungwi nusu.

Matajiri watasema wakati wa kazi ni fedha. Ni kweli, lakini ghala moja likishika moto hula fedha za miaka mingi na roho za watu pia. Saa moja kwa mwezi ni bei ndogo.

Kwa hiyo napendekeza wajumbe wa chama wayadai mambo manne. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi, kwa mshahara kamili. Yawe kwa Kiswahili, na baada ya intaneti yafuatwe na mazoezi ghalani, mbele ya mapipa yenyewe. Vibarua wafundishwe kabla hawajagusa kitu. Mwisho, anayetoa habari ya kemikali iliyopotea asiadhibiwe, hata kama habari hiyo yamgusa mkubwa wake.

Mahali penye watu 20 au zaidi sheria yataka kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Ndugu, uliza kesho kama kamati ipo kiwandani mwako, na ni nani anayekusemea humo. Mkikuta haipo, au ipo kwa jina tu, mpeni mjumbe wenu habari kabla ya mkutano wa tawi.