Vinanda vya bei nafuu: Nani kaibiwa?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyonena wahenga. Lakini mgeni aliyeingia katika soko la ala za muziki wa umeme miaka ya hivi karibuni hakupokewa kwa vifijo na wenyeji wote. Wapo wanaomwita mkombozi wa wanyonge, na wapo wanaomwita mwizi wa mchana.

Mgeni mwenyewe ni sinthesaiza ya bei nafuu, yaani kinanda cha umeme kilichoundwa kwa kufuata hatua kwa hatua ala mashuhuri ya miaka ya 1970 au 1980, kisha kikauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ala hiyo. Ubishi huu umepamba moto zaidi Ulaya na Marekani. Hata hivyo, nauleta mbele yako, ndugu msomaji, kwa kuwa swali lililomo ndani yake linatuhusu sisi sote tunaoishi kwa vitu vilivyobuniwa na wengine: Je, ni wakati gani kuiga ni halali, na ni wakati gani kuiga ni kula jasho la mtu?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kuiga ala ambayo hataza yake imekwisha muda si wizi, na anayeipunguza bei anawatendea wema watu wengi. Ila wema huo haumpi mtu ruhusa ya kumvizia mbunifu aliye hai ambaye bado anatafuta riziki kwa kazi yake.

Tuanze na ala yenyewe. Mnamo mwaka 1970, kampuni ya Robert Moog katika mji mdogo wa Trumansburg, jimbo la New York, ilianza kuuza kinanda kilichoitwa Minimoog Model D. Kabla yake, sinthesaiza ilikuwa kabati zima la mitambo iliyounganishwa kwa nyaya, na aliyeweza kuimiliki alikuwa ni chuo kikuu, studio kubwa au mwanamuziki tajiri. Minimoog ilibebeka. Ndani yake mlikuwa na sehemu tatu za kuzalisha mawimbi ghafi ya sauti, kisha kichujio cha kuondoa sauti za juu kwa kadiri apendavyo mpigaji, na mwisho kikuza sauti kilichoamua sauti hiyo ianze vipi na ife vipi. Kichujio ndicho kilichokuwa roho ya ala. Kiliundwa kwa jozi za transista zilizopangwa moja juu ya nyingine mfano wa ngazi, na Moog alikipatia hataza nchini Marekani mwaka 1969.

Bei ya Minimoog ilikuwa karibu dola 1,500, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Utengenezaji wake ulikoma mwaka 1981, na zile zilizosalia zikawa zinatafutwa kama pembe za ndovu. Kampuni yenye jina la Moog ilipoitoa upya mwaka 2016, bei ilizidi dola 3,000. Ndipo ilipojitokeza kampuni ya Behringer, iliyoanzishwa Ujerumani na Uli Behringer mwaka 1989 na yenye kiwanda kikubwa katika mji wa Zhongshan nchini China. Kufikia mwaka 2018 ilikuwa inauza nakala ya ala hiyo, isiyo na vibonye vya kinanda, kwa takribani dola 300. Kwa thamani ya shilingi yetu mwaka huo, hizo ni kama Sh30,000.

Bei hiyo haikushushwa kwa uchawi. Vifaa vidogo vidogo hupandikizwa na mashine badala ya mikono ya fundi. Nakala hutengenezwa kwa maelfu kwa mkupuo mmoja. Isitoshe, kampuni hiyo ina tawi linalounda upya chipu za zamani ambazo waundaji wengine walikuwa wakizisaka kwa shida. Sababu ya mwisho ndiyo inayozua ubishi: anayeiga hagharimii miaka ya kutafuta, kujaribu na kushindwa. Gharama hiyo ilikwisha kulipwa na mwingine.

Wanaolia kwamba unafuu unaivunjia ala heshima wangefanya vyema kuitazama historia ya TB-303. Mashine hii ndogo ilitolewa mwaka 1981 na Roland, kampuni ya Kijapani iliyoasisiwa na Ikutaro Kakehashi mwaka 1972. Ilikusudiwa kumtumikia mwanamuziki anayefanya mazoezi peke yake, impigie gitaa la besi. Haikumtumikia vizuri, kwani sauti yake haikufanana na gitaa hata kidogo. Wanunuzi waliikimbia, na mwaka 1984 Roland ikaacha kuitengeneza. Mashine zikatupwa katika maduka ya vitu vilivyokwisha tumika, au kwa lugha yetu ya Gikomba, zikawa mitumba.

Huko kwenye mitumba ndiko zilikookotwa. Vijana wa Chicago waliojiita Phuture waliipata moja kwa bei ya kutupa, wakaizungusha vitufe vyake kwa namna ambayo waliyoiunda hawakuikusudia, na mwaka 1987 wakatoa wimbo wa “Acid Tracks”. Kutokana na wimbo huo ulikua mtindo wa acid house, uliovuka bahari na kuwachezesha vijana wa Uingereza na Ulaya nzima. Ndugu yake, mashine ya ngoma ya TR-808, ilitengenezwa kuanzia mwaka 1980 hadi 1983 tu. Nayo ilishuka bei, ikaingia mikononi mwa vijana wasio na mali, na ngoma yake ya kishindo ingali inasikika katika nyimbo zinazopigwa ndani ya matatu za Nairobi.

Funzo ni lipi? Ala hizi hazikupata utukufu kwa sababu zilikuwa ghali. Zilipata utukufu kwa sababu zilikuwa rahisi, zikafika kwa watu wenye njaa ya kuumba kitu kipya. Ughali ulikuja baadaye, pale matajiri walipoanza kuzikusanya, na TB-303 iliyodharauliwa ikafikia kuuzwa kwa maelfu ya dola. Laiti bei hiyo ingelikuwapo mwaka 1987, vijana wale wa Chicago wangeliipatia wapi? Behringer ilipotoa nakala yake iitwayo TD-3 kwa takribani dola 150, naona iliirudisha mashine hiyo mahali pale ilipozaliwa mara ya pili, yaani mkononi mwa asiye na kitu.

Sasa tuje kwenye shitaka la wizi. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi anafichua siri ya kazi yake, na umma unamwachia peke yake faida ya siri hiyo kwa muda maalumu. Hapa kwetu, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 imeweka muda huo kuwa miaka 20. Muda ukitimia, siri ni ya wote. Hiyo si hisani ya mvumbuzi wala ujanja wa mwigaji. Ni sehemu ya pili ya mapatano yale yale, na asiyeitaka asingelichukua ile ya kwanza.

Mapatano haya yaliheshimiwa zamani, hata kama kwa shingo upande. Kampuni ya ARP, mshindani mkubwa wa Moog miaka ya 1970, ilitumia kichujio cha ngazi katika baadhi ya ala zake wakati hataza ya Moog ingali hai. Ilibidi ikiondoe na kuunda kingine. Huo ndio uliokuwa wizi, ukakomeshwa. Lakini Behringer ilipokiiga kichujio hicho, hataza ilikuwa imekufa zaidi ya miaka 30. Nani basi kaibiwa?

Tukumbuke pia kwamba bei kubwa haimaanishi kwamba fedha zinamfikia aliyebuni. Moog mwenyewe aliiacha kampuni yenye jina lake mwaka 1977, na kwa miaka mingi hakuwa na haki ya kulitumia jina hilo katika biashara ya ala zake hadi aliporudishiwa mwaka 2002. Alifariki mwaka 2005. Mwenye kununua nembo asijidanganye kwamba amemlipa mtu.

Hata hivyo, sitaki nionekane kama wakili wa wanaoiga. Upande wa pili una hoja, tena nzito. Mwaka 2020 Behringer ilitangaza kibodi ndogo iitwayo Swing, ambayo ilifanana mno na KeyStep, kibodi ya kampuni ya Arturia ya Ufaransa. KeyStep haikuwa ala ya kale iliyoachwa na wenyewe. Ilikuwa imetoka mwaka 2016, ilikuwa dukani, na bei yake haikuwa ya kumtisha mtu. Hapo hoja ya kumkomboa mnyonge inaanguka. Hakuna mlango uliofungwa ambao nakala hiyo ilikuja kuufungua. Kilichokuwapo ni shamba la jirani lenye mazao mabichi.

Na wapo wabunifu wadogo zaidi ya Arturia. Émilie Gillet, aliyeendesha karakana ya Mutable Instruments huko Ufaransa, aliiweka michoro na programu za ala zake wazi ili yeyote ajifunze na kuunda. Moja ya ala hizo, Plaits, ikawa msingi wa ala ya Behringer iitwayo Brains. Hapa sheria haikuvunjwa, maana ruhusa ilitolewa na mwenyewe. Lakini si kila lisilokatazwa na hakimu ni adabu. Jirani akikufungulia kisima chake, huji na lori la matangi bila hata kubisha hodi.

Kuna na wafanyakazi. Mwaka 2023 kampuni ya Moog ilinunuliwa na kampuni ya inMusic, na haukupita muda mrefu kabla ya watu wengi waliokuwa wakiziunda ala hizo katika mji wa Asheville kupoteza kazi. Sisemi kwamba nakala za bei nafuu ndizo peke yake zilizowafukuza, kwa maana biashara huanguka kwa sababu nyingi. Nasema tu kwamba mnunuzi anayeshangilia bei ya chini asijifanye haoni kwamba mishahara ni sehemu ya bei.

Jambo jingine ni uhuru wa kusema. Mwaka 2017 kampuni inayomiliki jina la Behringer iliishtaki kampuni ya Dave Smith Instruments pamoja na watu kadhaa kwa yale waliyoyaandika kuihusu, na mahakama ya California ikaitupa kesi hiyo. Anayedai uhuru mpana wa kuiga kazi za wenzake hana budi kuvumilia uhuru wa wenzake kumsema. Mkuki huwaje mtamu kwa nguruwe, kwa binadamu ukawa uchungu?

Natenganisha, basi, mambo mawili ambayo wabishani hupenda kuyachanganya. Kuiga ala ambayo mwenyewe aliiacha, hataza imekwisha, na iliyobaki inawindwa na matajiri, ni kuirudisha kwa umma. Kuiga ala mpya ya mbunifu ambaye bado anaiuza ili alipe kodi ya nyumba ni kumpora, hata kama wanasheria hawatapata kifungu cha kumshika mwigaji.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kulizungumza suala hili kama watazamaji. Chukua taarab ya Mombasa. Harmoniamu, kile kinanda cha kuvutwa upepo kwa mkono kilichosikika sana katika taarab yenye mahadhi ya Kihindi, asili yake ni ala ya Kifaransa ya miaka ya 1840. Dwarkanath Ghose wa Calcutta aliibadili mwaka 1875 ikawa ndogo, ya kupigwa mtu akiwa ameketi sakafuni, na ndipo ikaweza kusafiri hadi pwani yetu. Tashkota nayo, yenye nyuzi na vibonye kama vya taipureta, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Waimbaji wa Mombasa hawakumwandikia barua ya kuomba idhini yule aliyeibuni. Waliichukua, wakaifanya iseme Kiswahili. Baadaye vinanda vya umeme vilikuja na kuchukua nafasi ya ala hizo katika vikundi vingi. Ukiondoa kila kilichoigwa, kurahisishwa na kupitishwa mkono kwa mkono, taarab itabaki na nini?

Hata jikoni mwetu ni hivyo hivyo. Lile jiko la makaa la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini miaka ya 1980, lilitokana na jiko la Thailand, na mafundi wa jua kali wakaliiga kila mmoja kwa nyundo yake. Kama lingefungiwa na mtu mmoja, akina mama wangapi wangelipata?

Ndiyo sababu nawaasa vijana wetu wanaotunga muziki wasione haya kununua nakala. Ala haina nasaba, nasaba ni ya wimbo. Lakini wanunue kwa macho mawili. Waulize ala hii imeigwa kutoka wapi, na je, aliyeibuni bado yuko sokoni? Akiwa yuko, na bei yake inafikika, wampe yeye fedha zao.

Na kampuni zinazoiga nazitaka zifanye jambo dogo lisilozigharimu chochote. Ziandike juu ya sanduku, kwa herufi zinazosomeka, jina la mtu au karakana iliyobuni ala hiyo kwanza. Na pale mbunifu alipo hai na kazi yake ni changa, zimwendee, zizungumze naye, zimpe fungu lake. Mwembe ukishakomaa, maembe huliwa na kila mpita njia, wala hakuna ubaya. Ubaya ni kuutikisa mti ungali mchanga, mpandaji akiwa amesimama pale pale na kapu tupu mkononi.