Mkate wa karanga kwa mgonjwa wa sukari

Kwenye nyumba yenye mgonjwa wa sukari, asubuhi watoto wanakula mkate, baba au nyanya anatazama tu. Wiki hii tuoke mkate usio na ngano. Gramu 100 za unga wa ngano zina wanga karibu gramu 75. Karanga zina karibu 16.

Chagua karanga safi. Zenye ukungu tupa, moto hauondoi sumu yake. Kaanga, toa maganda, twanga kidogo kidogo, chekecha. Pima vikombe 2.

Chukua mayai 4. Piga ute mweupe mpaka usimame. Ndio unaoinua mkate. Koroga viini, chumvi, karanga na vijiko 3 vya maji, kisha ingiza povu polepole. Mimina katika kopo lililopakwa mafuta.

Panga mawe 3 ndani ya sufuria kubwa juu ya mbabula, weka kopo juu yake, funika. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Baada ya dakika 40 hivi choma kijiti. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Lakini sikieni: anayepiga insulini au kumeza dawa asipunguze wanga kabla ya kuongea na muuguzi. Dawa ileile na wanga kidogo, sukari inaweza kushuka mpaka azimie. Akitetemeka na kutoka jasho, naye bado anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari mara moja.

Watoto nao waonje, ila fufu yao ibaki.